Chembe Nyeusi kwenye Kadi

Mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, kubwa, yenye mlio. Nashukuru. Kwa mtu ambaye kwa mara ya kwanza maishani hahitaji kuwahi popote, ni zawadi iliyofikiriwa sana. Imetundikwa sebuleni, inapiga kelele muda wote, na mume wangu ameshaanza kuuliza betri zake zitaisha lini. Siku ile mmoja wenu aliniomba niandike chochote kuhusu kazi, kitu cha kuwafaa wale wanaoanza maabara sasa. Nilikubali nikidhani nitaandika habari za vifaa. Nimekaa na kalamu, na kila ninachokikumbuka kinaanza na woga. Basi nitaandika huo huo.

Nilianza kazi Galula. Nilifika kwa pikipiki, begi mgongoni, cheti cha chuo kwenye bahasha, vumbi mpaka kwenye nyusi. Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha moja, na hadubini iliyotumia kioo kukusanya mwanga wa jua. Jua likiingia mawinguni, malaria nayo ilikwenda mapumziko. Mkubwa wangu aliitwa Mzee Simkoko, mtu mfupi, mwenye koti jeupe lililofuliwa mpaka likawa la kijivu. Aliniuliza swali moja tu.

"Unaogopa?"

"Siogopi, mzee."

Alinitazama kama mtu aliyeletewa mzigo wa mwenzake. "Basi kaa pale kwenye benchi kwanza," alisema. "Ukianza kuogopa uje tufanye kazi."

Nilidhani ni utani. Nilikaa kwenye benchi lile mpaka wachimbaji wa dhahabu waliokuja kupima malaria wakaanza kuniuliza kama na mimi naumwa.

Kifaa cha kwanza alichonifundisha kilikuwa kadi ya RPR, ile ya kupima kaswende. Wengi wenu mmeitumia mara chache, kwa hiyo nieleze. Unazungusha damu kwenye mashine, uzito wake unakaa chini, maji ya manjano yanabaki juu. Tone la maji hayo unaliweka kwenye mduara wa kadi nyeupe, unalitandaza, unadondoshea dawa yenye unga wa mkaa, kisha unaizungusha kadi taratibu. Kama hakuna kitu, mduara unabaki na rangi ya kijivu iliyo laini. Kama kipo, mkaa unakusanyika na kuwa chembe nyeusi, kama masizi yaliyodondokea kwenye sahani. Unaisoma kwa mwanga wa pembeni, huku ukiiinamisha kidogo, na huvuti pumzi mpaka umemaliza.

Mzee Simkoko alikuwa na desturi ambayo sikuiona kwingine. Kabla ya kusoma kadi alibandika plasta juu ya majina yote kwenye chupa, akaacha namba tu. Pale Galula kila jina tulilijua, na nyumba yake, na ugomvi wake. "Ukijua ni mke wa mchungaji," alisema, "hutaziona chembe hata zikikukodolea macho. Ukijua ni dada wa baa, utaziona hata zisipokuwepo." Desturi hiyo nimeifuata mpaka siku mliponipa saa. Nimemaliza plasta nyingi za serikali kwa ajili hiyo, na kila mwaka wakati wa ukaguzi niliulizwa kwa nini maabara yangu ina vidonda vingi kuliko wodi ya upasuaji.

Jambo la pili alilonifundisha ndilo lililoniondoa kwenye benchi. Alinionyesha mduara wenye chembe akaniuliza naona nini. Nikajibu naona kaswende.

"Huioni," alisema. "Kadi hii haimjui mdudu wa kaswende hata kwa sura. Inachoona ni kingamwili, yaani wale askari wa damu, na hawa askari wametoka kumshika mtu fulani. Mara nyingi ni kaswende. Lakini mara nyingine mtu alikuwa na malaria kali, au ukoma, au uzee. Na mara nyingine askari wamechanganyikiwa tu, wanamkamata mwenye nyumba."

"Tutajuaje ni ipi, mzee?"

"Kwa hapa Galula hatujui," alisema. "Tunaandika ina chembe. Ndiyo maana nilikuuliza kama unaogopa."

Kuanzia hapo niliogopa vizuri. Wanawake wa kliniki ya wajawazito walikuja na waume zao, kwa sababu ndivyo tulivyowataka waje, wapimwe pamoja na waambiwe pamoja. Mwanamume akiwa hana chembe na mkewe anazo, nilikuwa nawasikia kupitia ukuta wa mbao. Nesi alieleza kwa upole, akatoa sindano za penisilini kwa wote wawili, akasema ugonjwa huu una njia zake. Mume hakusikia hata neno. Miezi ikipita ningemwona yule mwanamume sokoni na mke mwingine.

Baadaye nilihamia Chitete, na huko nilikutana na Mwalimu Lusia. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mcheshi, aliyekuja kwangu mara nyingi mpaka tukawa mashoga. Viungo vilimuuma, nywele zikamtoka, mashavu yakapata weusi uliopanda hadi kwenye pua. Tulimpima kifua kikuu, hakuna. Tukampima virusi, hakuna. Tukampima tena virusi, kwa kuwa hakuna aliyeamini. Watu wakasema karogwa, kisha wakasema amekataa kutaja wanaume zake. Mwishowe mkojo wake ulijaa protini kiasi kwamba kijiti cha kupimia kilibadilika rangi kabla sijakitoa kwenye kikopo. Alivimba, akafariki, na hakuna mtu aliyejua jina la kilichomuua. Miaka mingi baadaye, kwenye mafunzo, nilionyeshwa picha ya mgonjwa mwenye mashavu yale yale. Nilitoka nje nikalia kwenye ngazi, mwenye kufundisha akadhani nimepata msiba kwa simu.

Picha ile ilikuwa ya lupasi. Nitaeleza kama nilivyoelezwa, kwa sababu mtakutana nayo na hamtaitambua. Ni ugonjwa ambao kingamwili za mtu zinageuka kuushambulia mwili wake: viungo, ngozi, figo, damu, hata mimba. Kwenye mafunzo hayo walituonyesha kipimo chake kinachoitwa ANA. Wanaweka maji ya damu ya mgonjwa juu ya kioo chenye seli, wanaongeza rangi inayong'aa, wanazima taa, wanatazama kwenye hadubini maalumu. Kama zipo kingamwili zinazoshambulia kiini cha seli, viini vyote vinawaka kijani gizani. Nilitazama kijani kile kikiwa kimetulia, kizuri hata, nikamwaza Lusia. Mwili wake ulikuwa ukiwaka hivyo mbele yangu na mimi nilikuwa nimeshika kipimo cha malaria.

Niliporudi kulikuwa kumeletwa vile vipimo vya haraka vya kaswende, vijikanda vya plastiki. Mnavijua. Tone la damu, matone ya dawa, unasubiri. Mstari mmoja, hana. Mistari miwili, anayo au alishawahi kuwa nayo. Kijikanda hiki kinatafuta kingamwili za mdudu mwenyewe wa kaswende, na tabia yake kubwa ni kwamba hakisahau. Mtu akishaugua, hata akitibiwa akapona, karibu kila mara mistari itabaki miwili hadi kaburini. Asiyetibiwa ndiyo kabisa. Shikeni hilo, kwa sababu habari yote ninayotaka kuwapa imekaa juu yake.

Nilikuwa nimeshahamia Tunduma alipokuja Atupele. Alikuwa Mndali wa Itumba, huko Ileje, mwembamba, aliyeolewa na Fredi Siame, kijana wa kupakia na kushusha mizigo ya malori mpakani. Walikuja watatu: yeye, Fredi, na mama mkwe wake, Bibi Estelia, mwanamke mrefu aliyevaa vitenge viwili na hakutabasamu kwa mtu. Atupele alikuwa na ujauzito mchanga. Ulikuwa wa nne, na mimba tatu za kwanza zilitoka zote. Kwenye kadi zake za kliniki za nyuma palikuwa pameandikwa jambo lile lile: RPR ina chembe, mume hana. Alichomwa sindano kila mara, na kila mara chembe zilirudi. Mashavu yake yalikuwa na weusi uliopanda hadi puani. Watu wa mtaani walishatoa jibu, kwamba ni mkorogo, zile krimu za kujichubua zinazopita mpakani kwenye mabegi, na kwamba mwanamke anayejichubua anamchubukia mtu fulani.

Bibi Estelia hakungoja kuulizwa. Alisimama mlangoni mwa maabara akasema kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia.

"Mama, mimi nasema mapema ili tusije tukalaumiana. Huyu wa Ileje akionekana nayo tena, leo hii anapanda gari la kwao. Mwanangu hatakufa kwa ajili ya mtu."

"Mama, taratibu," Fredi alisema.

"Taratibu mpaka lini? Watoto watatu nimezika mimi, wewe ulikuwa kwenye malori."

Atupele alikaa kwenye kiti. Alinyoosha mkono nimtoe damu, na mkono ulikuwa na joto, vidole vimevimba kwenye viungo. Nilipofunga mpira wa mkono nilimwona Lusia, waziwazi kabisa. Nimetoa damu za wanajeshi na za watoto wachanga. Siku ile niliomba radhi mara mbili kabla ya kupata mshipa.

Nilibandika plasta juu ya majina, nikafanya vipimo vyote viwili. Kijikanda kikatoa mstari mmoja. Kadi ikatoa chembe. Nikarudia vyote, nikidhani nimechanganya chupa, vikajibu vilevile. Nilipoipunguza nguvu damu kwa maji ya chumvi ili nione chembe zitaishia wapi, ziliishia karibu tu, yaani zilikuwa dhaifu. Nilibandua plasta. Kama Atupele angekuwa amewahi kuugua kaswende, ule mstari wa pili ungekuwepo, sindano au bila sindano. Hakuwahi. Kwa hiyo chembe zile zilikuwa za askari waliomkamata mwenye nyumba, na mimba zake tatu ndizo walizozikamata. Nilikaa chini. Nilichokuwa nimekishika kingemwokolea ndoa, na niliogopa kwamba kingemuua.

Nilimpelekea majibu Daktari Pendo, binti mwenye miaka michache kazini, asiyependa kubahatisha. Alinisikiliza bila kunikatiza, akamwita Atupele, akamtazama mashavu kwenye mwanga wa dirisha, akambonyeza vidole, akauliza habari za nywele. Akaagiza mkojo na hesabu kamili ya damu. Protini ilikuwepo, si nyingi. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zilikuwa chini. Daktari Pendo alifunga mlango.

"Mama Nzunda, unafikiri ninachofikiri?"

"Nafikiri hicho hicho, daktari. Sitaki."

"Hata mimi sitaki," alisema.

Tuliwaita ndani wote watatu. Daktari Pendo alisema kwanza kwamba Atupele hana kaswende na hajawahi kuwa nayo. Fredi alicheka, kisha akaweka viganja usoni na mabega yakaanza kutikisika. Atupele aliinua mikono akasema asante Yesu, asante Yesu, mpaka sauti ikakauka. Mimi nilitazama ukutani. Katika chumba kile tulikuwa wawili tu tuliojua kwamba sherehe ile ilikuwa imewahi mno.

Bibi Estelia hakusherehekea. "Zile sindano zimemsafisha," alisema. "Ndiyo maana haionekani."

"Hapana, mama," nikamwambia. "Hiki kijikanda hakisahau. Mtu akishaugua, hata akichomwa sindano za nchi nzima, kinaonyesha. Hata ikipita miaka arobaini."

"Arobaini?"

"Hata zaidi."

Alifunga kitenge chake upya. Wakati ule nilidhani hajaniamini. Ndipo Daktari Pendo akawaambia habari ya pili, polepole, kwamba damu ya Atupele inaelekea kupigana na mwili wake, kwamba inaweza kuganda pasipotakiwa kuganda, kwenye kondo la nyuma au kwenye mguu au kichwani, na kwamba kuna dawa za kutuliza ila hakuna ya kuondoa. Mikono ya Atupele ilishuka. "Kwa hiyo naumwa nini, daktari?" aliuliza. "Mbona kaswende ina sindano?"

Ile mbona imenisumbua kuliko maneno yoyote niliyowahi kuambiwa kazini.

Sampuli ya ANA na ndugu zake ilibidi iende Mbeya, na kutoka huko Dar es Salaam. Nilizungusha damu, nikatenga maji yake, nikayafungia kwenye boksi la barafu, nikalikabidhi kwa dereva wa gari la wagonjwa. Siku ile malori ya kuvuka mpaka yalikuwa yamepanga foleni iliyopita mbali na mji, na gari likakwama katikati yake. Nilimpigia dereva simu nyingi kiasi kwamba aliacha kusema halo, akawa anapokea na kusema, "Barafu bado ipo." Vijana, sampuli ikiharibika njiani haikupi taarifa. Inafika, inapimwa, inatoa jibu lenye sura nzuri, na jibu hilo ni la uongo. Ogopeni safari kuliko mashine.

Majibu yalirudi baada ya siku nyingi, na ANA yake ilikuwa imewaka. Hapa nina onyo. ANA si malaria, kwamba ukiikuta basi umemkuta mwizi. Wapo watu wenye afya kabisa, wanalima, wanazaa, wanakwenda kwaya, na ukiwapima viini vitawaka. Kwa hiyo msimpime kila anayeumwa goti, mkamtia mtu hofu ya bure. Kwa Atupele ilikuwa na maana kwa sababu ilikuja na mashavu, na viungo, na mkojo, na mimba tatu, na zile kingamwili nyingine mbili zilizopimwa nayo. Daktari Pendo hakuwa amengoja karatasi. Alikuwa ameshazungumza na bingwa wa Mbeya, na Atupele alikuwa kwenye vidonge na kwenye sindano za tumboni za kuzuia damu isigande, kila siku. Fredi ndiye aliyejifunza kumchoma. Fredi ambaye, kwa maelezo ya mkewe, mbuzi akichinjwa huenda kusimama nyuma ya nyumba.

Miezi ile niliogopa kila asubuhi. Atupele alipita maabara kwa mkojo wake, nami nilikitazama kijiti kikibadilika rangi huku nikibana meno. Daktari Pendo alisikiliza moyo wa mtoto kila alipokuja, muda mrefu kuliko kawaida, kwa kuwa zipo kingamwili za mama zinazopenya hadi kwa mtoto na kuharibu mapigo. Mimba ilipita miezi ambayo zile za kwanza zilitoka. Nesi mmoja akagusa mbao ya mlango kukinga mkosi.

Mtoto alizaliwa Mbeya kabla ya wakati, wa kike, mdogo, akilia. Wakamwita Tumaini. Nilipopata simu nilicheka peke yangu kwenye chumba cha damu.

Kicheko hakikudumu. Huko wodini mtu aliziona kadi za zamani zilizoandikwa RPR ina chembe, akaagiza mtoto apimwe kwa kadi. Bila shaka mtoto alikuwa na chembe, kwa kuwa kingamwili za mama huvuka kwenda kwa mtoto na kukaa naye miezi kadhaa. Nesi aliyeleta majibu aliyasema kitandani, mbele ya mama mkwe, kwa neno lile lile: kaswende. Bibi Estelia hakubishana na mtu. Alirudi Tunduma peke yake kwa basi, na Atupele aliporuhusiwa alikuta mabegi yake mawili yamekaa nje ya mlango.

Fredi alikuja kwangu akiwa amekonda. "Mama anasema damu ya mtoto ikisafika ndipo warudi," alisema. "Isiposafika nichague, yeye au wao. Itasafika, mama?"

"Itasafika," nilisema.

Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye hakika, kisha usiku nikafungua vitabu upya. Vitabu vinasema kingamwili za mama huisha kwenye damu ya mtoto. Havikusema za huyu. Atupele alikwenda kwao Itumba na kichanga, kule milimani kwenye baridi, akiwa na dawa kwenye mfuko wa nailoni, na mimi nikawaza figo zake, na ukungu, na njia ya kushuka kama damu ikiganda. Fredi alimfuata kila alipopata nafasi. Bibi Estelia aliendelea kupita mbele ya hospitali kwenda sokoni bila kunisalimia.

Walirudi mtoto alipofikia umri wa kukaa. Niliwataka waje wote, na yeye bibi akaja. Tumaini alikuwa mnene, mwenye hasira, na alinipiga teke nilipomtoboa baada ya kumtoa damu mama yake. Nilibandika plasta juu ya majina mbele yao, nikamwomba Bibi Estelia achanganye chupa mwenyewe, asijue yeye wala mimi ipi ni ya nani. Nikadondosha, nikatandaza, nikazungusha kadi. Nikainamisha kadi kwenye mwanga wa dirisha, nikamwita asogee.

"Unaona nini, mama?"

Alivaa miwani yake iliyofungwa uzi. "Huu una masizi," alisema. "Huu hauna."

Nikabandua plasta. Wenye masizi ulikuwa wa Atupele. Ule mwingine, wa kijivu tupu, ulikuwa wa mtoto. Fredi alimkumbatia mkewe na mtoto kwa pamoja, mtoto akapiga kelele za kubanwa, wakatoka nje kumtuliza. Nilimgeukia Bibi Estelia nikitegemea neno. Alikuwa amefunga mlango kwa ndani.

"Haya masizi ya huyu mama mtu yataisha lini?"

"Hayaishi. Atakunywa dawa, tutamwangalia. Akipata ujauzito mwingine tutaogopa upya."

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akapandisha mkono wa blauzi yake, akaulaza mezani.

"Kile kijikanda," alisema. "Ulichosema hakisahau. Nipime mimi."

Nikamuuliza kwa nini, mama, umri huu. Akaniambia akiwa ametazama meza. Aliolewa kwanza Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kabla ya baba yake Fredi. Alipoteza watoto wawili tumboni. Walimpima kwa kadi kwenye kliniki ya huko, wakasema ana ugonjwa wa wanawake wabaya, na mumewe alimtoa nje na nguo alizovaa, mashemeji wakimpigia makopo hadi barabarani. Akavuka mpaka kwa miguu.

"Ulitibiwa?" nilimuuliza.

"Nani anitibu, mukwai? Nilitoka na sendo moja." Ile mukwai, neno la heshima la ng'ambo, ilimtoka yenyewe. "Sikuwahi kutembea na mtu. Lakini kipimo kilisema, nikaona labda damu yangu inajua nisichokijua. Nimeishi hivyo. Nikimwona mtoto huyu wa Ileje nilikuwa najiona mimi, nikamchukia."

Nilimtoboa kidole. Hakushtuka. Niliweka tone, nikaweka dawa, nikakilaza kijikanda kati yetu, na wekundu ukaanza kupanda. Nimesubiri majibu mengi, yakiwemo yangu mwenyewe. Hakuna niliyoyaogopa hivyo. Mistari miwili ingemthibitishia aibu aliyoibeba tangu usichana. Mstari mmoja ungemwambia kwamba aliibeba bure, na sikujua lipi litamvunja.

Mstari wa juu, ule unaotokea kwa kila mtu, ulijitokeza. Tukasubiri. Muda wake ulikwisha, nikauacha upite, nikakiinua hadi dirishani, nikamwonyesha.

"Mmoja?" aliuliza.

"Mmoja, mama."

"Kwa hiyo sikuwahi."

"Hukuwahi."

Alivua miwani akaifuta kwa pindo la kitenge, akaivaa, akatazama tena. "Yule bwana alishakufa," alisema. "Na dada zake wote. Sasa nimwambie nani?"

Aliniomba kijikanda akifunge kwenye leso, nikamwambia haturuhusiwi, kina damu, kinatupwa kwenye ndoo nyekundu. Alikisindikiza kwa macho mpaka kilipoanguka. Kisha akafungua mlango. Atupele alikuwa kwenye benchi la nje akimnyonyesha mtoto, na alipomwona alisimama haraka, kama kawaida yake mbele ya mama mkwe.

"Kaa, mwanangu," Bibi Estelia alisema. Alikuwa hajawahi kumwita hivyo. "Kaa ashibe. Akimaliza unipe nimbebe mimi, twende nyumbani."

Mimi nilibandika plasta kwenye chupa iliyofuata, na nje foleni ya kliniki ilikuwa bado ndefu.